Mpishi Aliyeondolewa kwa Heshima

Mtu akikukosea kwa ubaya, la kufanya unalijua. Unamkunjia uso, unamjibu, na yeye anajua amejibiwa. Lakini mtu anayekukosea huku analia kwa kukuhurumia, na maua kakushikisha mkononi, utamfanya nini? Hilo ndilo lililompata Bi Verdell Crutcher wa Chattanooga, mwezi wa Oktoba, mwaka aliotimiza miaka sabini na moja.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Bi Verdell alikuwa jikoni mwa nyumba ya tafakuri, kunde ziko motoni, sukuma wiki imeshaoshwa maji matatu na inachuja kwenye kichujio, aproni ya kijani kiunoni. Miaka kumi na tisa alikuwa mpishi wa Wabudha wale. Hawakuwa wengi, ishirini hivi, na ukiwaondoa yeye na Cedric Oglesby mgawa barua, waliobaki walikuwa wazungu. Watu wapole. Walikuja alfajiri, wakaketi juu ya mito yao ukumbini, wakanyamaza, wakapumua, kisha wakala alichopika Bi Verdell bila kusaza hata punje. Yeye mwenyewe alitafakari na sufuria. Kukata karoti kwake kulikuwa kukata karoti tu, basi, hakuna kingine kichwani. Kama umewahi kufanya kazi ukasahau kuwa unafanya kazi, utamwelewa. Kama hujawahi, pole.

Mlango ukafunguliwa, ikaingia kamati. Mbele alikuwa Mwalimu Renfroe, mwanasheria mstaafu aliyenyoa kichwa, ambaye ndiye aliyeongoza nyumba. Nyuma yake Marguerite Boyle, mwalimu wa shule ya msingi, macho mekundu, mkononi fungu la maua ya manjano. Wengine wawili walibanana mlangoni.

"Bi Verdell, tunaweza kukusumbua kidogo?" Mwalimu akauliza.

"Nisumbueni tu, ila msinizibie jiko. Kunde zinataka kuangaliwa."

Hawakusogea. Mwalimu akakohoa, akaeleza. Kwa miezi miwili, kila Jumatano jioni, walikuwa wakikaa kutafakari habari ya rangi: nani alinyimwa nini katika mji huu, na nani alikula kwa kunyimwa kwa mwenzake. Hilo Bi Verdell alilijua. Hakuhudhuria, kwa sababu Jumatano ni siku ya mazoezi ya kwaya kanisani kwa dada yake, naye alikuwa ndiye dereva. Asichojua ni kwamba Jumatano iliyopita Marguerite aliinua macho katikati ya kusoma, akatazama lile dirisha la kupitishia chakula, akajiwa na picha. Wazungu wameketi ukumbini. Mwanamke mweusi yuko nyuma, anasugua sufuria zao. Akalia hadi kikao kikavunjika.

"Tumekuonea," Marguerite akasema, na machozi yakaanza upya. "Miaka yote hii unatupikia, na sisi hatukuona."

"Hamkuona nini, mwanangu? Si mnakula kila wiki?"

"Hatukuona maana yake."

Kwa hiyo kamati ilikuwa imekata shauri. Kuanzia juma la ukimya la Novemba, Bi Verdell hatapika tena. Wenzake watapokezana jikoni. Yeye ataketi mbele kabisa, kwenye mkeka ulio kando ya Mwalimu, mahali pa heshima, apumzike. Marguerite akampa maua. Wote wanne wakaunganisha viganja, wakainama.

Bi Verdell akawatazama, akayatazama maua, akasema, "Asanteni."

Asanteni! Mtu kanyang'anywa jiko lake mchana kweupe, anashukuru. Lakini usimcheke. Amelelewa Tennessee, na huko hufundishwi kumrudishia mtu zawadi yake usoni, sembuse mtu anayelia. Akatafuta chupa tupu, akatia maji na maua. Kamati ikatoka imejaa furaha. Kunde nazo zilikuwa zimeshika chini, kitu ambacho hakijatokea tangu aanze kazi pale.

Siku ile ile akampigia Cedric. "Wewe ulilijua hili?"

"Nitalijuaje, Bi Verdell? Vikao vyao ni Jumamosi saa nne asubuhi. Jumamosi mimi nagawa barua."

"Na mimi nabandika kunde," Bi Verdell akasema, na neno lile likamkaa.

Jioni akaenda kwa dada yake Arzella, ambaye tangu siku ya kwanza hakuwahi kuona haya kumtania kuhusu Ubudha wake. Arzella ni Mbaptisti wa kutoka tumboni. Alimsikiliza mdogo wake hadi mwisho huku anakunja nguo, kisha akaanza kucheka hadi akakaa.

"Ngoja nielewe," akasema. "Mama yetu walimtia jikoni kwa sababu ni mweusi."

"Ndiyo."

"Na wewe wamekutoa jikoni kwa sababu ni mweusi."

"Arzella."

"Nauliza tu. Na umewaambia nini?"

"Nimewaambia asanteni. Walikuwa wanalia, dada."

"Wakilia ndiyo nini? Watoto wa shule uliowapikia walikulilia miaka thelathini na moja, na hukuwaongezea hata biskuti moja." Akakung'uta foronya. "Halafu si wewe ulikuwa ukilalamika magoti? Mungu kakusikia. Sijui yupi, maana siku hizi una wengi, lakini mmoja kakusikia."

"Budha si Mungu. Nimekwambia mara ngapi?"

"Basi ndiyo maana hakukutetea."

Bi Verdell alicheka, lakini moyoni aliumia, na Arzella aliliona hilo, akamwekea kipande cha pai ya viazi vitamu bila kuulizwa. Wakala kimya. Kimya cha kwao wawili, ambacho hakina kengele kama kile cha ukumbini.

Mama yao, Idabelle, alipika miaka ishirini na sita kwenye nyumba moja kubwa juu ya Mlima Lookout. Alipanda kwa basi alfajiri, akaingia kwa mlango wa nyuma, akashuka jioni na mabaki ndani ya karatasi. Watu wakimhurumia alikasirika. "Jiko lile nalijua mimi," alikuwa akisema. "Yule mama mwenye nyumba hajui hata chumvi inakaa wapi." Hakuwahi kula kwenye meza aliyoiandaa, wala hakuulizwa, siku hata moja, kama angependa kupika samaki au kuku. Aliambiwa. Hilo la kuambiwa ndilo lililomchoma, si la kupika. Lakini Verdell alikuwa mtoto, na mtoto huona moshi tu, haoni kuni.

Akaja mwaka wa sitini. Verdell ana miaka kumi na mitano, yuko sekondari. Wanafunzi wa madarasa ya juu wakawafundisha wadogo namna ya kukaa. Unaingia dukani mjini, unapanda kwenye stuli ya kaunta ya chakula ambapo mweusi hakai, unaagiza. Ukikataliwa hutoki. Mgongo wima, mikono mezani, macho mbele. Ukitukanwa hujibu. Ukimwagiwa kitu hupangusi. Unapumua tu. Walifanya mazoezi baada ya masomo, wakimwagiana maji na kuitana majina mabaya, hadi wakaacha kucheka.

Verdell alikwenda mara mbili. Mara ya pili kijana mmoja wa kizungu alimmiminia haradali kichwani, polepole, ikamshukia sikioni hadi shingoni. Yeye akatazama mbele. Na mbele yake kulikuwa na dirisha la jikoni, na dirishani mpishi, mwanamke mweusi, jirani yao wa mtaa wa pili, anakaanga vitunguu. Wakatazamana. Harufu ya vitunguu vile ilikuwa tamu, na Verdell alikuwa hajala tangu asubuhi. Yule mama alipika chakula cha duka zima, lakini hakuwa na ruhusa ya kumpa mtoto wa jirani yake sahani moja. Akageuka, akaendelea kukaanga.

Kaunta zile zilifunguliwa kwa weusi baadaye, mwaka huo huo. Verdell hakurudi kula. Alisema hana njaa nazo.

Mengine yalikuwa maisha, kama ya kila mtu. Aliolewa na Otis Crutcher, fundi wa reli, mwanamume mwenye maneno machache na kofia nyingi. Akapata kazi jikoni mwa shule, kwa sababu huo ndio mlango uliokuwa wazi, akapika humo miaka thelathini na moja. Otis alikufa angali na miaka hamsini na minne, na baada ya hapo Verdell hakulala. Si kwamba alilala kidogo, hakulala. Muuguzi mmoja akamwambia kuna bibi wa Kijapani chini ya kile kilima cha Missionary Ridge anayefundisha watu kukaa kimya. Akaenda kwa kukosa jingine la kufanya.

Bibi huyo aliitwa Tomiko Arakawa, na ndiye aliyeianzisha nyumba ile. Alipokuwa mtoto, wakati wa vita vikuu vya pili, serikali ilimfungia yeye na wazazi wake nyuma ya seng'enge huko Arkansas, pamoja na Wajapani wenzao, kwa kosa la kuwa na sura waliyo nayo. Hakupenda kulisimulia. Siku ya kwanza alimwonyesha Verdell mto, akamwambia: mgongo wima, mikono itulie, macho mbele, ukisikia kitu usikifuate, pumua tu.

Verdell akaangua kicheko ukumbini, mbele ya wazungu wote.

"Unacheka nini?" Bi Tomiko akauliza.

"Mimi hiki nilishafundishwa, bibi. Ila pale kulikuwa na haradali."

Akasimulia. Bi Tomiko akamsikiliza, kisha akamshika mkono akampeleka nyuma, akampa kisu, akamwambia aanze na karoti. Usiku ule Verdell akalala saa sita mfululizo.

Ilikuwa baadaye sana Bi Tomiko alipomweleza kwamba katika nyumba za tafakuri za kwao, mpishi hachaguliwi kwa kujua kupika. Anachaguliwa kwa kuwa moyo wake umetulia. Ni mtu wa pili baada ya mwalimu, na neno lake huulizwa kabla jambo halijaamuliwa. Wakati wa uhai wake ndivyo ilivyokuwa. Alikuja jikoni na mambo ya nyumba, wakayazungumza juu ya maganda ya viazi. Alipokufa, akaja Mwalimu Renfroe na kamati, na kamati ikapenda Jumamosi saa nne. Hakuna aliyemfukuza Bi Verdell kikaoni. Saa ile tu kunde ziko motoni. Akazoea kupata habari za nyumba pamoja na vikombe vichafu.

Juma la ukimya likafika. Siku tano, hakuna kusema, ila mara moja kwa siku, baada ya chakula cha mchana, wanapoketi duara. Desturi ya duara ni hii: mwenye neno anaweka kiganja sakafuni, anasema lake, akimaliza wenzake wanaunganisha viganja, wanainama. Hakuna kujibu, hakuna kuuliza, hakuna kushauri. Neno linaachwa litue. Ni desturi nzuri, na imewaponya wengi ambao majumbani mwao hakuna anayewaacha wamalize sentensi. Safari hii Mwalimu alitangaza kwamba maneno ya duara yatakuwa juu ya haki na rangi.

Bi Verdell akaketi mbele, kando yake, kwenye mkeka wa heshima. Magoti yalimuuma. Siku ya kwanza uji wa mahindi wa Marguerite ulikuwa na mabonge ya kutafuna. Siku ya pili kunde zilikuja zimegoma kuiva, na kwa kuwa desturi ni kutosaza, watu ishirini wakazitafuna kimya, ukumbi mzima ukilia kama kokoto, hakuna anayethubutu kumtazama mwenzake. Cedric alifumba macho kwa nguvu hadi machozi yakamtoka, na si ya tafakuri.

Bi Verdell angekuwa mwovu, angefurahi. Yeye alihuzunika. Alisikia kila sufuria iliyowekwa kwa kishindo, kila kisu kilichokata kwa papara. Alitaka kutulia asiweze, kwa sababu kilichomtuliza miaka yote hiyo kilikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye mikono ya watu waliokiona kuwa adhabu. Asubuhi ya siku ya tatu alijiambia wazi: nisipolipata jiko langu, nyumba hii sitaiweza, na nyumba nyingine sina. Usiku uliotangulia hakuwa amelala.

Saa tano na nusu akasikia harufu ya wali. Wali unaoelekea kuiva. Kisha harufu ya wali ulioiva. Punguza moto, akasema moyoni. Punguza sasa. Hakuna aliyepunguza. Harufu ikageuka. Kengele ilikuwa bado dakika ishirini, na kabla ya kengele mtu haondoki kwenye mto, hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya ukumbi. Bi Verdell hakuwahi kuivunja. Alijua kukaa, yeye. Alikaa na haradali shingoni.

Lakini pale nilikaa kwa kutaka kwangu, akawaza. Hapa nimekalishwa.

Akainuka. Magoti yakalia, vichwa vikageuka. Akapita katikati ya mito, akaingia jikoni, akazima moto. Marguerite alikuwa amesimama mbele ya sufuria inayofuka moshi, kashika mwiko kwa mikono miwili, hajui aanzie wapi. Kwa ajili ya ukimya hawakusemezana. Bi Verdell akautoa wali wa juu ambao haujashika, akautandaza kwenye sinia ili harufu iutoke, akakata vitunguu vinne, akavikaanga hadi vikawa rangi ya kahawia, akachanganya na chumvi kidogo. Sukuma wiki akaipitisha motoni mara moja tu. Dakika kumi na tano. Watu wakala, na kwa mara ya kwanza juma lile hakuna kilichosikika ukumbini isipokuwa vijiko.

Baada ya chakula, duara. Wawili watatu wakasema maneno mazuri, viganja vikaunganishwa. Kisha Bi Verdell akaweka kiganja sakafuni.

"Mimi si msemaji," akaanza. "Mama yangu alikuwa mpishi. Mimi mpishi. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano niliketi kwenye kaunta mjini hapa, nikamwagiwa vitu kichwani, na aliyekuwa akipika nyuma ya dirisha alikuwa mweusi kama mimi. Hakuna mzungu pale dukani aliyeona vibaya yeye kupika. Walitaka apike. Wasichotaka ni yeye kusema nani ale."

Akavuta pumzi.

"Sasa ninyi mmesoma, mkatazama jikoni, mkaona kuna jambo haliko sawa. Hamkukosea. Lipo. Lakini mkadhani ni aproni. Jiko lile nalipenda. Ndiko ninakotafakari, ndiko ninakopata usingizi wangu. Kisicho sawa ni kwamba mnaamua mambo ya nyumba Jumamosi saa nne, mimi nikiwa na mwiko mkononi na Cedric ana mfuko wa barua begani, kisha mnatuletea uamuzi kama habari ya mvua. Hata hili la kuniondoa, kwa heshima na maua, mliliamua hivyo hivyo. Sisi hatukukaa kwenye zile stuli ili mtu atuchagulie kiti kizuri zaidi. Tulikaa ili tuchague wenyewe."

Viganja vya wenzake kumi na tisa vikaanza kuinuka kuunganishwa, na hapo ndipo hasira, ambayo hakujua ameileta na yeye, ikampanda.

"Hapana," akasema. "Leo sitaki viganja. Leo nataka kujibiwa."

Mikono ilibaki hewani, watu hawajui waipeleke wapi. Masikio ya Mwalimu Renfroe yakawa mekundu. Miaka kumi na mmoja alikuwa mlinzi wa desturi ile. Bi Verdell akangoja. Alikuwa hodari wa kungoja.

Aliyejibu alikuwa Marguerite.

"Niliona aibu," akasema, kwa sauti ndogo. "Nilipokuwaza pale dirishani nilishikwa na aibu, nikataka initoke upesi. Nikatafuta la kufanya ili initoke. Sikukufikiria wewe, Bi Verdell. Nilijifikiria mimi."

"Umesema kweli," Bi Verdell akasema. "Na uji wako ulikuwa mbaya."

Cedric akashindwa. Kicheko kikamtoka puani, kikawashika waliokuwa karibu, hadi Marguerite mwenyewe akacheka huku anajifuta macho. Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Bi Tomiko aliniambia," akasema mwishowe. "Mambo ya mpishi na neno lake. Aliniambia, nami nikaona ni desturi za kale za kwao. Nimekosa. Niambie tufanye nini."

"Kikao kihame."

"Kitahama. Jumapili baada ya chakula?"

"Jumapili baada ya chakula mimi naosha vyombo."

"Na mimi niko nyumbani," Cedric akadakia, "kama kuna anayejali."

"Basi Jumapili tutaosha sote," Mwalimu akasema, "kisha tutaketi sote. Na la jiko?"

"La jiko mniulize. Mnaniuliza, halafu mnangoja nijibu."

Mwalimu Renfroe akageuka kwenye mkeka wake, akamkabili. "Bi Verdell, utatupikia?"

"Ngoja nifikiri."

Akainuka, akachukua koti lake, akatoka kwa mlango wa jikoni, akaketi kwenye ngazi za nyuma. Kulikuwa na jua la Novemba, la kuonekana zaidi ya kupasha moto. Walidhani amewatania. Hakuwa anatania. Alikwenda kufikiri kweli.

Alihesabu. Mama yake aliambiwa. Shuleni alichukua kilichokuwepo. Hata Bi Tomiko, Mungu amrehemu kama anawarehemu Wabudha, alimpa kisu tu, hakumuuliza. Miaka hamsini kasoro alikuwa amelisha watu, na hili swali la maneno matatu hakuwahi kulisikia kutoka kwa mtu yeyote. Akaona ni vibaya kulijibu kwa haraka. Akayafikiria magoti yake. Akafikiria kulala hadi saa mbili siku za Jumamosi, kwenda na Arzella sokoni, kuketi ukumbini kama wengine na kula kisichopikwa naye, hata chenye mabonge. Akalijaribu lile neno la kukataa mdomoni, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi wa mwenzake. Lilikuwa na ladha yake nzuri. Hakuona haya nalo, wala halikumtisha. Angeweza kulisema, akaenda zake, na usiku akalala. Akashangaa jinsi alivyofurahi kujua hivyo, akaendelea kuketi, ili aendelee kufurahi.

Saa nzima ikapita. Mchana ulikuwa unaelekea alasiri, chakula cha jioni hakijaguswa, na hakuna mtu aliyesogelea jiko. Alipochungulia aliwaona wote kwenye duara lao, wameketi, wanamngoja. Baadhi miguu ilikuwa imeshakufa ganzi, unaona wanavyoinyoosha.

Akaingia, akavua koti, akasimama mbele yao.

"Nimefikiri," akasema. "Ningeweza kukataa."

"Ndiyo," Mwalimu akajibu. "Ungeweza."

"Basi nitapika."